Mkiandika habari za minara, tuambieni na unene wake

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua ni ndefu kidogo lakini hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na nikilikatisha nitaliharibu. Mi ni fundi minara, kazi yangu ni kupanda, iwe mlingoti wa redio, mnara wa simu, dohani ya kiwanda, chochote kirefu chembamba kinachotaka rangi, taa, bolti au antena mpya basi mimi na wenzangu ndo tunaitwa. Miaka 19 sasa. Na kila gazeti likitoa habari ya jengo jipya refu huko duniani naisoma mpaka nukta ya mwisho, afu nabaki na kiu ileile, mmetuambia lina mita ngapi, ghorofa ngapi, limelipita lipi, nani kalichora, basi imeisha. Upana wake hamna. Hata mara moja sijauona.

Upana ndo habari yenyewe, mhariri.

Chukua penseli mpya ambayo haijachongwa. Urefu wake unakuwa kama sentimita 18 na unene wake kama milimita 7, ukigawanya unapata mara 25 hivi, yaani urefu umeupita unene mara 25. Sasa kuna lile jengo la New York mlilotuandikia habari yake, mtaa wa 57, wanaliita Steinway Tower, lina mita 435 kwenda juu, na upande wake mwembamba ni mita 18 tu. Gawanya uone, inakuja 24. Kwa hiyo hilo jengo ni penseli. Simamisha penseli yako kwa kitako juu ya meza afu ipulize kidogo kwa mdomo, halafu fikiria kwamba ndani ya hiyo penseli kuna watu wamelala na watoto wao. Hapo ndo unaanza kuelewa mainjinia walikuwa na kazi gani, na hayo yote yamo kwenye hiyo namba 24, sio kwenye 435.

Burj Khalifa ina mita 828, karibu mara mbili ya huyo wa New York, ila chini imetanua miguu mitatu mipana na inapungua taratibu kadiri inavyopanda, ndo maana ukiuliza wembamba haipo hata karibu. Afu nenda Uingereza, mji wa Brighton, pale ufukweni kuna mnara wa kutalii wenye chumba cha vioo kinachopanda na kushuka, wanauita i360. Una mita 162 peke yake. Kwenye mashindano ya urefu hizo mita 162 hakuna atakayegeuza shingo. Lakini kipenyo chake ni mita 3.9, yaani mara 41 na ushee, na ulipofunguliwa 2016 uliingia kwenye rekodi za Guinness kuwa mnara mwembamba kuliko yote. Mimi nikisikia mita 3.9 na 162 nywele zinasimama, maana najua mita 3.9 zikoje, ni chumba kimoja kidogo cha kulala.

Watu wengi nikikaa nao wanadhani adui wa kitu kirefu chembamba ni uzito, kwamba kitajilemea kishuke. Uzito upo kweli na una sheria yake, chukua rula ya plastiki ya sentimita 30, isimamishe, ikandamize kwa kidole kwa juu, utaona haipasuki wala haibonyei, inachomoka tu kiubavu ghafla. Ikate nusu ujaribu tena, utahitaji nguvu mara 4 ili ichomoke vilevile. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alishalipigia hesabu hili karne ya 18, ukiongeza urefu mara mbili unabakiwa na robo ya nguvu. Hilo mainjinia wanalimudu siku hizi, zege ni kali, chuma ni kizuri. Anayewanyima usingizi ni upepo, na hata upepo wenyewe sio ule unaoufikiria.

Nilijifunza hivi. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye kiwanda kimoja, sitakitaja, kupaka rangi dohani ya chuma, imesimama peke yake bila waya, urefu mita 40, kipenyo mita 1.6. Gawanya mwenyewe, ni penseli nyingine ileile. Asubuhi tulipofika kulikuwa na upepo wa kawaida kabisa, ule wa kupeperusha nguo kwenye kamba, umetulia hauna kishindo, unavuma tu sawasawa bila kupanda wala kushuka. Kabla ya kupanda chochote nina tabia ya kuweka kiganja kwenye chuma pale chini, ni mzee aliyenifundisha kazi ndo alinizoesha. Nikaweka. Dohani ilikuwa inapumua. Sina neno jingine. Ilikuwa inasukuma kiganja, inaachia, inasukuma, inaachia, mara moja kila sekunde, kama unashika ubavu wa ng'ombe aliyelala. Nikatazama juu kileleni, nikaona kile kilele kinaenda na kurudi, na kilichonishtua zaidi kilikuwa hakiendi upande upepo unakoelekea, kilikuwa kinakatisha, upepo unatoka kushoto kwangu wakati dohani inanijia mimi na kunikimbia.

Nikapiga magoti kuangalia bolti za kitako. Zilikuwa 24. Chini ya washa, yale mapete ya chuma yanayokaa chini ya nati, za bolti 7 kulikuwa na unga wa kutu mwekundu mlaini umevuja ukachora mstari mpaka kwenye zege, huo unga fundi yeyote wa chuma anaujua, ni chuma kinasagana na chuma kwa sababu nati imelegea. Nikachukua tochi nikazunguka kwenye mshono wa weldingi juu ya kitako, nikakuta rangi imepasuka mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja changu, nilipokwangua rangi ule ufa ulikuwepo kwenye chuma chenyewe.

Nikakataa kupanda. Msimamizi wa pale akaniambia maneno ambayo nimeyasikia sehemu nyingi sana, eti hii dohani mwaka jana ilipigwa na dhoruba kubwa mabati yakaruka na yenyewe ikabaki imesimama, sasa kaupepo haka kataifanya nini. Hakuwa mtu mbaya, alisema anachokiamini, na mtu mwingine yeyote angesema hivyohivyo. Ila ndo kosa lenyewe na ndo sababu naandika hii barua.

Upepo ukikutana na kitu cha duara haupiti vizuri. Unagawanyika, na nyuma ya kile kitu unaachia visulisuli, kimoja upande wa kushoto, kinachofuata upande wa kulia, kushoto, kulia, kwa zamu, havikosei. Kila kisulisuli kikichomoka kinavuta kile kitu kidogo upande wake. Kidogo sana. Theodore von Kármán, mtaalamu wa mwendo wa hewa, ndo alivipigia hesabu mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka leo ile safu ya visulisuli inaitwa kwa jina lake, lakini kabla yake, mwaka 1878, mwanafizikia Vincenc Strouhal alikuwa ameshachunguza waya zinazoimba kwenye upepo. Ule mlio wa waya wakati wa upepo umeusikia tangu utoto, ndo visulisuli hivyohivyo vinachomoka mara mamia kwa sekunde kwa sababu waya ni mwembamba. Kitu kikiwa kinene mapigo yanakuwa ya polepole.

Na hesabu yake ni ya kufanya hata juu ya boksi la vifaa. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 0.2, gawanya kwa kipenyo. Asubuhi ile upepo ulikuwa kama mita 8 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 29 hivi kwa saa. Mara 0.2 ni 1.6, gawanya kwa 1.6 ya kipenyo, unapata 1. Pigo moja kwa sekunde. Na dohani ya chuma yenye urefu ule na kipenyo kile ukiivuta ukaiachia inayumba yenyewe karibu mara moja kwa sekunde! Kwa hiyo upepo ulikuwa unaisukuma kwa mapigo yake yenyewe, ni kama mtoto yuko kwenye bembea na wewe unampa kidole kimoja tu kila anaporudi, hutumii nguvu lakini baada ya dakika chache yuko juu anapiga kelele. Ile dhoruba ya mwaka jana ilikuwa na kasi karibu mara tatu ya hapo, mapigo yalikuwa karibu matatu kwa sekunde na hayalingani na bembea, ndo maana ilisukuma kwa kishindo ikapita zake. Kaupepo katulivu ka asubuhi ndo kalikuwa kanaimaliza, siku baada ya siku, pigo baada ya pigo, watu wanapita chini yake wanaenda kula.

Tukafunga waya za muda siku hiyohiyo, ufa ukachimbwa ukajazwa upya na mtu wa weldingi mwenye cheti, bolti zikabadilishwa zote 24 sio zile 7 tu, afu theluthi ya juu ya dohani tukaizungushia mapezi matatu ya bati nene yanayopanda kwa kujisokota kama uzi wa skrubu. Pezi lina kimo cha sentimita 16, yaani moja ya kumi ya kipenyo, na linamaliza mzunguko mmoja kila mita 8. Bila shaka umeshaziona hizo dohani zenye mistari ya kujisokota ukadhani ni urembo. Kazi yake ni kuwavuruga visulisuli wasichomoke kwa pamoja, huku juu kimoja kinatoka sasa hivi, mita mbili chini kinatoka baadaye, wanakosa umoja wao na wakikosa umoja hawana nguvu. Waliobuni ni Christopher Scruton na D. E. Walshe kwenye maabara ya taifa ya fizikia Uingereza, miaka ya 1950. Hata antena za magari, zile fimbo, nyingi zina huo uzi umezungushiwa, kawaguse uone.

Sasa nikirudi kwenye majengo ya watu, mambo ni hayohayo ila kwa ukubwa unaotisha. 432 Park Avenue, jirani ya huyo Steinway, mita 426, kila upande mita 28.5, kwa hiyo mara 15. Ni mraba ulionyooka toka chini mpaka juu, umbo ambalo visulisuli wanalipenda sana, basi wakaamua kila baada ya ghorofa 12 waache ghorofa mbili wazi, hamna vioo hamna vyumba, upepo unaingia huku unatokea kule. Steinway wao upande mmoja umekatwa ngazi ngazi kwenda juu, inasaidia kwa njia ileile ya mapezi yangu, kila kimo kina upana wake kwa hiyo mapigo hayafanani. Burj Khalifa nayo hivyohivyo, umbo linabadilika kadiri unavyopanda ili upepo usipate mahali pa kujipanga.

Na juu kabisa kunakuwa na dampa. Hili neno msomaji akilikuta kwenye gazeti anaruka, naomba mlielezee siku moja maana ni kitu kizuri mno. Ni mzigo mkubwa unaoning'inizwa au kuwekwa kwenye kilele cha jengo, umepimwa ili uyumbe kwa mapigo yaleyale ya jengo lakini kwa kuchelewa, jengo likienda kulia mzigo bado uko kushoto unalivuta lirudi, na katikati kuna mabomba ya mafuta kama shokamzoba za gari yanakula ule mwendo na kuugeuza joto. Steinway wanao mzigo wa tani 800 hivi. Taipei 101, huko Taiwan, wao wameuacha wazi watu wauone, tufe la chuma la tani 660, kipenyo mita 5 na nusu, linaning'inia kuanzia ghorofa ya 92 mpaka ya 87, na tarehe 8 Agosti 2015 kimbunga Soudelor kilipopita lile tufe lilienda mita nzima toka mahali pake. Mita moja! Kuna video, nimeiangalia nadhani mara hamsini. Watu waliandika kwamba jengo lilikuwa linataka kuanguka wakati ukweli ni kwamba tufe lilicheza ili jengo lisicheze. Ule mnara wa Brighton wenyewe hauna nafasi ya tufe, humo ndani wameweka vyombo vya kimiminika kinachochapa huku na huku, kazi ni moja.

Hapa nina neno kidogo na nyie waandishi, nalisema kwa heshima. Kila upepo mkali ukipita mnaandika jengo fulani "layumba, wakazi wapata hofu". Jengo refu jembamba kuyumba ni kawaida yake. Mlingoti ninaofanyia kazi nikiwa kileleni unaenda na kurudi na mimi nafunga bolti, siku ambayo hauendi kabisa na upepo upo ndo nitajiuliza kuna nini. Swali la kuandika ni unayumba kwa mwendo gani na nini kinaupoza. Mwili wa mtu hauhisi umbali, unahisi kule kugeuza mwendo, ndo maana jengo linaweza kwenda polepole sentimita nyingi na mtu asijue, na jingine likatikisika kidogo tu kwa haraka mtu akatapika. Taa zinabembea, maji ya chooni yanacheza, kuta zinatoa mlio. Wakazi wa hilo 432 Park walienda mahakamani 2021 wakidai mambo mengi, maji kuvuja, lifti kukwama, kelele za jengo, kesi ni yao na mahakama, mimi sio hakimu. Ninachosema ni kwamba wembamba una gharama kwa anayeishi ndani hata kama jengo halitaanguka kamwe, na mtu anayesoma gazeti ana haki ya kuijua kabla hajashangilia mita.

Na kuanguka nako kupo, tusijifiche. Daraja la Tacoma Narrows huko Marekani lilifunguliwa 1 Julai 1940, urefu wa kati ya minara yake miwili mita 853, magazeti ya wakati ule yalilisifia urefu kwa haki kabisa, lakini ubavu wa njia yake, ule unene wa chuma kinacholipa ugumu, ulikuwa mita 2.4 tu. Gawanya, inakuja kama 350. Lilikuwa utepe. Wafanyakazi waliokuwa wakilijenga walishaona linapanda na kushuka, madereva wakalizoea. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, miezi minne tu baadaye, upepo wa kilomita 64 kwa saa, ambao si dhoruba ya kutisha, lilianza kujipinda kama mtu anayekamua nguo na likaingia majini. Vitabu vingi vinasema ni visulisuli na bembea kama dohani yangu ila sio hivyo hasa, hapa utepe ulipojipinda ulikuwa unaukinga upepo kwa namna inayozidi kuupinda, yaani mtikisiko ulikuwa unajilisha wenyewe, hauhitaji mapigo ya kulingana na kitu. Ndo maana naogopa mtu akisema tumeshapiga hesabu ya visulisuli tuko salama.

Ferrybridge, Uingereza, 1 Novemba 1965, minara minane ya kupozea maji ya mtambo wa umeme, mita 114 kila mmoja, mitatu ikashuka siku moja. Minara ile ukiiona kwa mbali ni minene kweli, wembamba wake uko kwenye ukuta, zege la inchi 5, kama sentimita 13, kwa mnara wa ukubwa ule ni jembamba kuliko ganda la yai ukilinganisha yai na ganda lake. Na iliyoanguka ilikuwa ya nyuma, sio ya mbele iliyopokea upepo, kwa sababu ya mbele iliubana upepo ukapita katikati yake kwa kasi zaidi, na hesabu ilikuwa imefanywa kana kwamba kila mnara umesimama peke yake. Kwa hiyo msikasirike nikiomba unene wa aina mbili, wa kitu kizima na wa ukuta wake. Ganda jembamba likipata umbo zuri linabeba maajabu, msanifu majengo Félix Candela alijenga mgahawa wa Los Manantiales huko Mexico 1958 kwa paa la zege lenye unene wa sentimita 4 tu limejikunja kama petali za ua na mpaka leo lipo. Wembamba sio dhambi, naupenda, nimeishi juu yake.

Lakini hili la mwisho ndo linaniuma kuliko yote. Mlingoti wa redio wa Poland, karibu na Konstantynów, mita 646, kuanzia 1974 ndo kilikuwa kitu kirefu kuliko chochote kilichojengwa na binadamu, na haukupitwa mpaka Burj Khalifa. Ulikuwa uzi wa chuma ulioshikiliwa na waya. Tarehe 8 Agosti 1991 mafundi walikuwa wanabadilisha waya, kazi yangu hii hii, wanafungua za zamani wanafunga mpya, na katika kubadilisha mlingoti ukapinda ukakatika. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Kila nikibadilisha waya nawakumbuka wale mafundi. Mlingoti wa namna ile haujisimamishi hata kidogo, kinachousimamisha ni waya, na waya zinaishia kwenye nanga iliyozikwa ardhini ambako hakuna mpiga picha anaenda, kwenye majani, kwenye udongo wenye unyevu, na kutu inaanzia pale pale ambapo chuma kinaingia kwenye udongo, kiganja kimoja chini ya usawa wa ardhi. Nimeshafukua nanga kwa mikono nikakuta fimbo ya unene wa kidole gumba imebaki unene wa penseli. Juu yake mnara unameta umepakwa rangi mpya nyekundu na nyeupe, umetoka kupigwa picha.

Watu wamependa minara myembamba tangu zamani, sio mambo ya mabilionea wa leo tu. Bologna, Italia, familia tajiri zilijengeana minara ya kuoneshana ubavu, ule wa Asinelli ulijengwa karne ya 12, una mita 97 na kitako chake hakifiki mita 10 kwa upande, yaani ni kama mara 11, kwa matofali, bila chuma, bila kompyuta, na umesimama miaka 900. Jirani yake Garisenda ardhi iliudanganya ukaanza kulala ungali mchanga, karne ya 14 wakaukata juu ukabaki na mita 48, na Oktoba 2023 eneo lake likafungwa kwa sababu vipimo vilionesha haujatulia. Mnaona, walikuwa na vipimo. Kuna mtu anausikiliza kila siku, ndo maana walijua.

Basi ombi langu kwa chumba chenu cha habari ni hili na wala halitawamaliza karatasi. Mkiandika mnara au jengo au daraja jipya, baada ya urefu wekeni upana wa kitako, mgawanye mtuandikie ni mara ngapi. Muulize aliyejenga nini kinaupoza mtikisiko, kama ni mapezi, matundu, dampa au umbo, na kama hakuna kitu mwandike kwamba hakuna. Muulize nani anakagua, na mara ya mwisho alikagua lini, hasa waya na nanga kwa milingoti, bolti na mishono kwa dohani. Mkiulizwa mnataka ya nini hayo semeni wasomaji wameuliza, nipo tayari jina langu litumike. Na dohani au mnara ukianguka mahali popote msiandike upepo mkali umeangusha mkaishia hapo, tuandikieni ulikuwa unavuma kilomita ngapi kwa saa, maana mara nyingine mtakuta ulikuwa kaupepo tu.

Ile dohani ya mita 40 bado naikagua, wale jamaa tulielewana na wananiita kila mwaka. Mwezi uliopita nilikuwa pale na upepo ulikuwa uleule wa nguo kwenye kamba, nikaweka kiganja, kimya. Nikapitisha tochi bolti zote 24, washa kavu, hamna unga. Nikapanda.

Na ile habari yenu ya jengo la New York mkiirudia, upana wake ni mita 18.

Wenu,
Fundi minara